Chai Inayoshuka kwa Kamba

Dada yangu alipojifungua mtoto wa kwanza, nyumbani Busale, Kyela, hakukuwa na mjadala mrefu kuhusu nani aende kumsaidia. Mama alikuwa na mpunga shambani. Bibi magoti yalimkatalia safari. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba zamani kidogo, na kazi yangu ilikuwa kuanika kakao na kuigeuza juani. Kakao inaweza kugeuzwa na mtu yeyote. Basi nikafungiwa mizigo: mchele, ndizi mbichi, mbasa wa ziwani waliokaushwa, na chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa kando ya ziwa, ambacho mama alikinunua Lyulilo siku ya gulio. Alikizungushia majani makavu ya mgomba mpaka kikafanana na kichwa cha mtu aliyefungwa bandeji.

"Kikivunjika njiani usirudi," mama aliniambia.

"Mwache arudi," bibi alisema. "Arudi na vigae tupandie vitunguu."

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa aibu. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu nilikuwa nalo, ila lilifika mdomoni wakati kengele ya mapumziko inalia. Hata kuandika naandika polepole. Haya nimeyaandika msimu wote wa mvua, na Kyela mvua zina msimu mrefu.

Dada aliolewa na afisa wa forodha aliyekuwa kazini mpakani Kasumulu. Ni mtu wa Unguja, mpole, anayekula wali wa kwetu huku amefumba macho. Mambo ya dini yalizungumzwa nyumbani mpaka yakachoka yenyewe. Dada akasilimu, baba akanyamaza wiki nzima, kisha akauliza kama huko kisiwani watu wanafuga ng'ombe. Alipoambiwa wanafuga, akaridhika. Baadaye shemeji alihamishiwa bandari ya kwao, nao wakaenda kukaa na baba yake, mjane, katika nyumba yake ya Mji Mkongwe.

Shemeji ndiye aliyenipokea nilipoteremka kwenye boti. Kabla hatujaondoka niliinama pembeni, nikachovya kidole majini na kukilamba. Ziwa letu tunaliogea, tunalifulia, na wengine tunalinywa. Maji yale yalinikunja uso.

"Umeionja bahari?" shemeji aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kila mtu wa Kyela huionja. Dada yako aliionja mara mbili. Alidhani ya kwanza amekosea."

Nilikuwa nimezoea Matema, ambako ukisimama mchangani unaona kila kitu kwa mara moja: ziwa, mlima, mitumbwi, na nyumba ya mtu unayemtafuta. Mji ule hauonekani hivyo. Unaingia ndani yake kama unavyoingiza mkono ndani ya gunia. Nyumba ni ndefu, za mawe, zimekaribiana kiasi kwamba watu wawili kwenye madirisha yanayotazamana wanaweza kupeana chumvi. Kwetu ukisema nyumba ya zamani watu wanafikiria zile za wamisionari, zenye kuta nene. Pale mji mzima ni kuta nene, zimesongamana kama ng'ombe wakati wa mvua. Shemeji alikuwa akinionyesha kwa kidole: hii ilikuwa ya jamaa za sultani, hii walikaa Waingereza, hii ilikuwa ya mfanyabiashara wa karafuu na sasa ni hoteli. Mimi nilikuwa natazama milango. Imechongwa maua na minyororo kuanzia juu hadi chini, na ina vyuma vya kung'aa kama vile mlango umevaa vifungo. Nje ya karibu kila mlango kuna baraza la mawe la kukalia.

Kwenye baraza la nyumba yao alikuwa amekaa mzee mmoja, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, kikombe cha kahawa pembeni. Huyo ndiye baba mkwe wa dada. Alistaafu bandarini, lakini masikio yake hayakustaafu. Meli ikipiga honi anakwambia ni ipi kabla haijaonekana.

Nikamwamkia. Shikamoo yangu ilitoka ndogo, ikafia kwenye kanga niliyojitanda. Mzee akanitazama tu.

"Baba, mdogo wake anakuamkia," shemeji alisema.

"Ananiamkia? Basi marahaba, mwanangu, marahaba. Nilidhani na huyu naye..."

Hakumaliza. Nikaingia ndani nikiwa nimebeba chungu na yale maneno.

Dada alikuwa ghorofani. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu alikuwa anaimba. Nyumbani hakuwa mwimbaji. Tulikumbatiana, tukaulizana "Ugonile", salamu yetu ya nyumbani, mara nyingi bila sababu, akamfungua mtoto nimwone, kisha akakifungua chungu, na sitasema alikifurahia kipi zaidi. Kilikuwa kizima.

"Unakaa vizuri na mzee?" nilimuuliza.

"Vizuri sana," akasema, na uso wake ukajaa fahari. "Tangu nije hapa sijamtazama hata siku moja."

Hapa inabidi nieleze. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia, anaingia migombani na kuchutama mpaka apite. Hamsemeshi, hampi kitu mkononi, hakai naye chumba kimoja. Tunaiita ukutila, na maana yake ni kumwogopa kwa heshima. Siku hizi wengi wameiacha, na mjini Kyela utamwona mtu amepanda bodaboda moja na mkwewe bila wasiwasi. Lakini dada alilelewa na bibi, na bibi hajaacha kitu. Anajisifu mpaka leo kwamba baba mkwe wake alikufa bila yeye kujua kama alikuwa na ndevu.

Busale kumkimbia mkwe ni rahisi. Kuna migomba, kuna mikakao, kuna njia za pembeni. Mji Mkongwe hauna hata kichaka. Kuna kuta, na mzee amekaa mlangoni. Kwa hiyo dada alitengeneza njia zake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlango mdogo unaotokea uani kwa jirani. Akitaka kwenda sokoni alipita humo, katikati ya jiko la jirani, akamsalimia, akatokea uchochoro mwingine. Chakula cha mzee alikiweka kwenye sinia kwenye ngazi, akagonga ukuta, akapanda mbio. Akikutana naye vichochoroni alijitupa mlango wowote ulio wazi. Siku moja aliingia kwa kinyozi wa wanaume, akasimama akitazama picha za mitindo ya nywele mpaka mzee akapita.

"Yule kinyozi mwema sana," alisema. "Aliniuliza nataka mtindo gani."

"Na mzee anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba unamheshimu."

Dada alinitazama kama vile nimeuliza kama mzee anajua mvua. "Nani asiyejua heshima?"

Nikakunja nepi za mtoto. Ndicho ninachokiweza.

Kila asubuhi nilimteremsha mtoto kwa babu yake barazani. Mzee alimpakata, akamweleza habari za winchi na shehena, na mtoto alisikiliza vizuri kuliko mimi. Alinipa kashata. Aliniuliza ziwa letu lina mawimbi, nami nikasema ndiyo. Kesho yake aliniuliza mawimbi makubwa, nami nikasema ndiyo. Kwangu hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Niliona pia kwamba siku zile za arobaini mzee alikuwa mchangamfu. Mzazi hatoki nje, hilo linajulikana Unguja na kwetu, kwa hiyo kutomwona dada hakukuwa na maana mbaya. Nadhani alikuwa anahesabu kwamba arobaini ikiisha, mkwe wake atateremka na mtoto mkononi kwa mlango wa mbele, kama wakwe wengine. Arobaini ikaisha. Dada akavaa baibui jipya, akambeba mtoto, akatokea jikoni kwa jirani.

Asubuhi iliyofuata nilishuka na mtoto nikakuta baraza tupu. Mzee alikuwa chumbani kwake chini, mlango wazi, godoro limeviringishwa sakafuni, na yeye amepiga goti juu yake akihangaika na kamba ya katani.

"Mwanangu, mlaze mtoto hapo kitandani," alisema. "Una nguvu? Shika hapa."

Nikashika. Akavuta kamba.

"Unasafiri, baba?"

"Nakwenda Bububu kwa dada yangu. Kuna minazi, kuna upepo."

"Utarudi lini?"

"Mtu anayerudi hafungi godoro."

Akakaa juu ya lile godoro, akaanza kusema, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwaka na zaidi niko nyumba moja na mkwe wangu. Sauti yake naijua kwa kuimba tu. Shikamoo yake sijaisikia. Nikiingia mlango huu, anatoka ule. Nawekewa chakula ngazini, unapigwa ukuta, puu! kama paka. Chakula kizuri, sisemi uongo, wali ule sijapata kuula. Lakini hata paka huitwa. Jirani ananiuliza, yakhe, umemfanya nini mtoto wa watu mpaka anapita jikoni kwangu? Nimfanye nini? Namtafutia hata samaki changu mbichi bandarini. Mwanangu ananiambia ana aibu, ataizoea. Aibu naijua. Wewe una aibu. Yule ananikimbia. Basi, nyumba naijua ni yangu, lakini wenye mtoto ni wao. Nikiondoka atapata kupita mlango wa mbele."

Juu dada alikuwa anaimba. Alikuwa amejaa furaha yake mwenyewe, akijua kwamba hakuna mkwe katika mji ule aliyeheshimiwa kama wake. Na chini mzee alikuwa anahama nyumba aliyozaliwa ndani yake. Nikafikiria habari hiyo ikifika Busale, kwamba baba mkwe ameikimbia nyumba yake kwa ajili ya dada. Bibi angelala chini kwa aibu.

Maneno nilikuwa nayo yote. Yalikuwa yamekwama pale pale yalipokwama tangu darasa la kwanza. Mwishowe nikageuka nikatazama ukuta, nikauambia ukuta:

"Kwetu anayekimbiwa ni mkubwa."

Kisha mzee akasema, "Sema tena."

Nikasema tena. Halafu, kwa kuwa ukuta haukunicheka, nikaendelea. Nikaueleza migomba na kuchutama. Nikaueleza kwamba mkwe hapewi kitu mkononi. Nikaueleza kwamba bibi yetu hakujua kama baba mkwe wake ana ndevu.

"Hakujua?"

"Hakujua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka anazikwa. Alirudi makaburini akawauliza watu."

Nikasikia godoro linatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kofia imemwangukia mapajani.

"Na siku ile kwa kinyozi?"

"Alikuwa anakukimbia wewe."

"Mimi nilidhani anataka kujifunza kazi! Na hiyo kuimba? Kutwa anaimba, nikasema moyoni, huyu ana furaha kwa sababu sipo."

"Anaimba ili ujue yuko wapi," nikasema. "Usije ukamkuta."

Mzee akaacha kucheka. Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Juu wimbo ulikuwa umehama kutoka chumbani kwenda jikoni.

"Mwaka mzima naimbiwa," alisema, "na sijui."

Nilidhani mambo yameisha. Alinituma nipande nikamwambie dada kwamba amefahamu, ameshukuru, na sasa inatosha, ateremke amwamkie. Nilipomweleza dada habari ya godoro, alikaa kwenye ngazi akajifunika kanga na kulia. Nilipomweleza habari ya kuteremka, akaifunua.

"Nimtazame? Kwa macho haya?"

"Amesema anakuruhusu."

"Yeye anaruhusu. Bibi je?"

Hata hivyo alijaribu. Alishuka akiwa ameshika ukuta, mdomo umekaza, mpaka karibu na mwisho wa ngazi. Hapo mzee akakohoa. Kufumba na kufumbua dada alikuwa tena juu, anahema, kiatu kimoja kimebaki chini.

"Miguu imekataa," akasema.

Nikamrudishia kiatu, nikashuka kumpa mzee majibu. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Sina kinyongo naye tena. Lakini, mwanangu, mimi mzee. Nyumba isiyo na salamu siiwezi. Nataka mtu aniamkie asubuhi." Na mkono wake ukarudi kwenye kamba.

Ndipo nikampigia bibi simu. Kuongea kwenye simu naweza zaidi kidogo, hakuna anayenitazama. Bibi hupokea kwa kelele, kama vile sauti inabidi ifike Unguja kwa nguvu za kifua chake. Dada akabanza sikio lake kwenye sikio langu.

"Hamtazami?" bibi aliuliza.

"Hamtazami, bibi."

"Ndaga fijo! Asante sana! Mtoto mzuri huyo."

"Lakini mzee anahama, bibi. Anasema hajaamkiwa. Anataka shikamoo tu."

Upande wa pili nikasikia jogoo wetu, na mama anauliza kuna nini. Bibi alifikiri mpaka nikaogopa salio litaisha.

"Wewe unaniona mimi?" akauliza.

"Hapana, bibi."

"Na mimi sikuoni. Si tunaongea? Sasa mnaniuliza nini? Mkwe haonekani ndani ya simu!" Akakata.

Dada alikuwa na namba ya mzee, shemeji alimwandikia siku aliyofika, na hakuwahi kuipiga. Akaenda dirishani, akaupa mlango mgongo, akabonyeza. Mimi nilikuwa katikati ya ngazi. Simu ikalia chini. Mzee akaitazama, hakuijua namba.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, baba."

Niliisikia mara mbili, moja ikishuka ngazi na nyingine ikitoka kwenye simu yake. Mzee akasimama. Akaweka kofia sawa, chumbani peke yake, kama mtu aliyeingiliwa na mgeni mkubwa.

"Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Baada ya hapo hakuna aliyejua aseme nini. Wamekaa nyumba moja mwaka na zaidi, na hawakuwa na la kuanzia.

"Umeamkaje, baba?"

"Salama. Wewe?"

"Salama. Chai iko tayari."

"Haya, naja... la, siji! Nakaa hapa hapa."

Nikamsikia dada anacheka, na mzee anacheka. Kisha mzee akaweka simu, akafungua kamba ya godoro mwenyewe. Hakuniomba nishike.

Ile kamba hakuitupa. Asubuhi iliyofuata alinipa, pamoja na kikapu, nimpelekee dada. Wenye nyumba za ghorofa pale huteremsha kikapu dirishani kununua mkate au mboga kwa muuzaji anayepita. Dada akawa anateremshia mzee chai barazani, moja kwa moja kutoka dirisha la juu, yeye akiwa amesimama nyuma ya pazia. Hakuna tena kugonga ukuta. Simu inalia kwanza: "Shikamoo, baba, inashuka." Siku za Ijumaa kilishuka chungu chetu, na wali wa Kyela ndani yake, na harufu yake iliwasimamisha watalii.

Mzee alikuwa na rafiki wa barazani, mshona kofia, ambaye hakuvumilia.

"Yakhe, unapigiwa simu kutoka nyumbani kwako?"

"Mkwe wangu hanitazami," mzee alimjibu, akipokea kikapu taratibu ili kila mtu aone. "Kwa heshima. Wa kwako?"

"Wa kwangu ananitazama," mshona kofia alisema. "Na akinitazama, naogopa."

Mzee akawa Mnyakyusa kuliko sisi. Kabla ya kupinda kona alikohoa. Akiwa na wenzake aliwaambia nao wakohoe. Kinyozi alilalamika kwamba mama wa Kyela haji tena, na alikuwa ameanza kumzoea.

Wasiwasi wangu ulibaki mmoja. Siku yangu ya kurudi ilikuwa inakaribia, na mtoto ni mimi niliyekuwa namteremsha. Shemeji huwa bandarini. Nani angempa mzee mjukuu wake? Asubuhi ya safari tulikuwa barazani, mizigo yangu ikiwa na karafuu za mama na tasbihi ambayo mzee alimtumia bibi bila kuwaza kwamba bibi ni Mlutheri. Bibi sasa ameitundika ukutani, na hataki kuambiwa lolote. Mzee alikuwa anakitazama kile kikapu kwa makini. Akapima kwa mikono. Akampigia dada.

"Mwanangu, hii kamba imara. Ilishika godoro."

"Hapana, baba!"

"Namsema mtoto. Ni mwepesi kuliko..."

"Baba!"

Safari hii sauti ilitoka dirishani, wazi kabisa, bila simu. Nusu ya mtaa ikaisikia. Mzee akafurahi mpaka akapiga paja.

Dada alipata njia nyingine. Alishuka akiimba, akatandika mkeka chini ya ngazi, akamlaza mtoto, kisha akapanda huku akiimba polepole. Mzee alisimama mlangoni, sikio moja mbele, kama anavyosikiliza meli. Dada ananiambia hata sasa wanafanya hivyo kila siku. Wimbo ukishafika juu, mzee anakohoa na kuingia.